Kelele si ushahidi: cheni ya taimingi ipimwe kabla injini haijafunguliwa

*Mlio wa chuma pembeni mwa silinda hutosha kumfanya dereva wa bodaboda akubali injini ifunguliwe. Vipimo vichache, visivyohitaji hata kushusha injini, vinaweza kuonyesha kama cheni imekwisha kweli au inasingiziwa.*

Pikipiki imepandishwa kwenye stendi kubwa mbele ya gereji ya Gerezani, Dar es Salaam. Ni Boxer ya miaka mingi, mita ya kilomita imekufa na tangi limebabuka rangi. Injini inaunguruma taratibu, lakini ndani ya mngurumo huo kuna mlio mwingine, mkwaruzo mwepesi wa chuma upande wa kushoto, unaozidi kila resi inapoachiwa. Fundi anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda, anaegemeza sikio kwenye mpini, kisha anatoa hukumu: cheni ya taimingi imeisha, injini ifunguliwe. Dereva hasemi kitu. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri haisubiri injini ipone, na siku mbili za kukaa kijiweni bila chombo ni siku mbili za deni.

Hukumu ya namna hiyo hutolewa kila siku katika gereji za mitaani, kuanzia Gerezani hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, na mara nyingi fundi anakuwa sahihi. Sikio lililosikiliza injini kwa miaka mingi lina thamani yake, wala hakuna sababu ya kulidharau. Tatizo ni kwamba sikio linajibu swali moja tu, kwamba mlio unatoka wapi. Swali la pili, ambalo ndilo lenye fedha ndani yake, linabaki palepale: cheni imelika kiasi gani? Injini yenye cheni nzima inaweza kupiga kelele za kutisha, na injini yenye cheni iliyochoka kabisa inaweza kunyamaza kimya. Ndiyo maana cheni ya taimingi ya pikipiki iliyozeeka inapaswa kuhukumiwa kwa kipimo, tena kipimo kinachoanzia pale pasipo na gharama.

Cheni inavyokwisha

Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Kinachozifunga pamoja ni cheni ndogo iliyojificha kwenye njia yake pembeni mwa silinda, na ndiyo inayoamua valvu ifunguke wakati gani na ifungwe wakati gani. Chukua injini ambayo sproketi yake ya chini ina meno 16, ya juu ina meno 32, na cheni ina viungo 90 vya milimita 6.35 kila kimoja, ambao ni ukubwa wa kawaida kwa injini ndogo. Krenki ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, cheni hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 24 kwa saa moja. Inakimbia katika giza na joto, na mlinzi wake ni oili peke yake.

Oili hiyo ikiwa chafu, au ikiwa imepungua, cheni huanza kulika. Vibati vyake haviongezeki urefu hata kidogo. Kinacholika ni pini na bushi zinazoshikilia viungo, mahali ambapo chuma kinajisugua kwenye chuma kila kiungo kinapojikunja kuzunguka sproketi. Masizi na vumbi la chuma vilivyomo ndani ya oili iliyopitiliza muda hufanya kazi ya msasa. Kila kiungo kikipoteza sehemu mbili za mia za milimita, ambazo jicho haliwezi kuziona, viungo 90 kwa pamoja vinairefusha cheni kwa milimita 1.8. Kikipoteza sehemu tano za mia, urefu unaongezeka kwa milimita 4.5, na hapo cheni haifai tena.

Pikipiki za usafirishaji zina bahati mbaya ya pekee katika hili. Nyingi hubeba oili isiyozidi lita moja na kidogo, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi pia. Siku nzima injini inawaka, inazimwa, inawaka tena, abiria wawili au magunia mgongoni, foleni ya jua kali. Dereva akiahirisha kubadilisha oili wiki mbili ili amalizie rejesho, cheni ndiyo inayolipa tofauti hiyo, na inalipa kimyakimya.

Wapo watakaouliza kwa nini pikipiki nyingi za Kichina za zamani zilidumu bila habari ya cheni hii. Jibu liko kwenye muundo. Nyingi kati yake zilijengwa kwa kufuata Honda CG125, injini iliyotolewa miaka ya 1970 kwa ajili ya masoko ya nchi zinazoendelea. Wahandisi wa Honda waliacha kamshafti ya juu yenye cheni, iliyokuwa kwenye CB125 ya wakati huo, wakarudi kwenye kamshafti ya chini inayosukuma valvu kwa fimbo, makusudi kabisa, ili injini ivumilie oili chafu na matunzo haba. Kwa hiyo swali la kwanza katika gereji yoyote ni kama injini iliyopo mbele ya fundi ina cheni ya taimingi au ina fimbo. Boxer ina cheni, na pikipiki nyingi za Kihindi zilizojaa barabarani leo zina cheni vilevile. Mwenye injini ya fimbo akiambiwa cheni yake ya taimingi imeisha, aondoke hapo na pikipiki yake.

Ukimya unaodanganya

Cheni ina pande mbili. Upande mmoja ndio unaovuta: krenki inauvuta ili kamshafti izunguke, hivyo umenyooka na umekaza wakati wote. Upande wa pili ndio unaorudi ukiwa umelegea, na huko ndiko kilikowekwa kifaa ambacho mafundi hukiita tenshena, chenye springi, meno ya kujifunga au msukumo wa oili, kinachobana reli ili ulegevu usipigepige. Kwenye injini nyingi tenshena imefungwa nyuma ya silinda kwa bolti mbili.

Mpangilio huo una matokeo ambayo mazungumzo mengi ya kijiweni huyaruka. Tenshena inafanya kazi upande uliolegea peke yake. Cheni ikirefuka, tenshena nzuri itasogea mbele, itameza ulegevu wote, na mlio utakoma. Lakini upande unaovuta nao umerefuka, na huko tenshena haifiki. Turudi kwenye ile injini ya mfano. Upande unaovuta una viungo kama 33 vilivyonyooka kati ya sproketi mbili. Kila kimoja kikiwa kimeongezeka sehemu tano za mia za milimita, upande huo umerefuka kwa milimita 1.65, na kamshafti imebaki nyuma kwa karibu digrii 3, sawa na digrii 6 hivi za krenki. Valvu zinafunguka zimechelewa na zinafungwa zimechelewa. Injini haitoi mlio wowote wa kulalamika, lakini asubuhi inawaka kwa shida, inakosa nguvu ya kuondokea, na kilimani inaomba gia ndogo mapema. Valvu ya kuingiza inapochelewa kufungwa, pistoni iliyoanza kupanda inasukuma sehemu ya hewa na petroli kurudi ilikotoka, na mgandamizo wa mwendo wa chini unapungua.

> Tenshena inainyamazisha cheni. Wakati uliopotea kwenye valvu, hairudishi.

Hapo ndipo kabureta huanza kuonewa. Inafunguliwa, inasafishwa, jeti zinabadilishwa, plagi mpya inawekwa, na hali inabaki ileile. Hata fundi mwenye taa ya kupimia taimingi anaweza kupotea, kwa sababu katika pikipiki hizi moto wa plagi hupangwa kutoka kwenye magneti iliyoko kwenye krenki yenyewe. Taa itaonyesha moto uko sawasawa, na ni kweli uko sawasawa. Haioni chochote kuhusu kamshafti.

Hali ya kinyume nayo ni ya kawaida. Springi ya tenshena inachoka au meno yake ya kujifunga yanakwama, reli inakosa msukumo, na cheni isiyo na tatizo lolote inaanza kupiga ukuta wa njia yake. Mlio unakuwa mkubwa kuliko wa cheni iliyolika. Dereva anauziwa cheni, anauziwa na kazi ya kufungua injini, wakati kilichokufa ni springi moja iliyoweza kufikiwa kwa kufungua bolti mbili.

Milio inayofanana

Kabla ya cheni kutajwa, kuna milio mingine ya kuondoa njiani. Tapeti zilizolegea hugonga kwa mlio mwepesi na wa haraka kutoka kwenye hedi, zikifuata mwendo wa kamshafti, yaani nusu ya mwendo wa krenki. Ekzosi inayovuja kwenye gasketi yake hutoa mlio wa tiki-tiki unaofanana na wa tapeti kiasi cha kumchanganya hata mzoefu, ila mkono ukipitishwa karibu na maungio, bila kugusa, unahisi pumzi ya moto, na aghalabu kuna alama nyeusi ya moshi. Mlio wa klachi hubadilika au kupotea wakati mkono wa klachi ukivutwa. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga zaidi injini ikiwa ya baridi, kisha hupungua inapopata joto. Mlio mzito unaotoka chini na kuongezeka pikipiki ikibeba mzigo ni wa konrodi, na huo hauna mjadala: injini izimwe.

Mlio wa cheni una tabia zake. Hukwaruza zaidi ya kugonga, huonekana wazi mara tu baada ya kuwasha au injini ikiunguruma bila resi, na hujitokeza tena resi inapoachiwa ghafla, kwa sababu hapo mvutano wa cheni unabadilika. Bisibisi kwenye sikio husaidia sana kuufuata hadi kwenye mwili wa tenshena au pembeni mwa silinda. Hadi hapo sikio limefanya kazi yake yote.

Kuanzia pasipo na gharama

Kipimo cha kwanza ni oili: kiasi chake, rangi yake, na kama inanuka petroli. Injini iliyopungukiwa na oili inaweza kupiga kelele juu kwa sababu hedi haipati ulainisho, na tenshena inayotegemea msukumo wa oili inakosa nguvu. Oili inapomwagwa imwagwe kwenye chombo safi chenye mdomo mpana, ikaguliwe mchana. Vipande vyeusi vya plastiki au mpira mgumu kwenye chujio ni mabaki ya reli za cheni, na ni ushahidi mzito kuliko mlio wowote. Unga unaong'aa wa chuma unadai maswali zaidi, kwa kuwa unaweza kutoka kwingine pia.

Kinachofuata ni kuseti tapeti, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, kwa filageji na kwa vipimo vya kitabu cha injini husika; kwenye injini nyingi ndogo nafasi hiyo iko kati ya milimita 0.05 na 0.10. Kazi hii inarukwa mno, na kuiruka ndiko kunakozaa makosa, kwa sababu kelele ya tapeti ikiwepo haiwezekani kusikia kitu kingine kwa uhakika. Mlio ukibaki baada ya hapo, basi tenshena itolewe. Pistoni irudishwe juu kwa kufuata alama ya T iliyo kwenye magneti, bolti zifunguliwe, na tangu hapo krenki isizungushwe hata kidogo, maana cheni isiyobanwa inaweza kuruka jino. Tenshena ikiwa mkononi inazungumza yenyewe. Je, springi ina nguvu? Je, fimbo yake inatoka na kujifunga bila kukwama? Na la muhimu kuliko yote, ilikuwa imetoka kiasi gani ilipokuwa imefungwa? Aina ya kujifunga kwa meno huhifadhi jibu hilo, kwani haijirudishi yenyewe. Iliyofika mwisho wa safari yake inasema cheni, au reli, imekwisha. Iliyoko katikati, ikiwa na springi dhaifu, inasema badilisha tenshena kwanza.

Wakati wa kuirudisha, fimbo yake lazima irudishwe ndani, tenshena ifungwe, ndipo iachiwe ibane. Ikifungwa kwa bolti huku fimbo imejitokeza, inaikaza cheni kupita kiasi. Cheni na reli zitalika haraka, na kamshafti itasukumwa kwenye bearingi zake.

Kipimo cha mwisho, chenye uzito kuliko vyote, ni alama. Vifuniko viwili vya duara kwenye kasha la magneti vinafunguliwa, kifuniko cha sproketi ya juu kinatolewa, na krenki inazungushwa polepole kwa spana kuelekea upande wake wa kawaida hadi alama ya T ikae sawa na mstari wake. Isipitishwe na kurudishwa nyuma. Ikipita, izungushwe tena mizunguko miwili. Sasa alama ya sproketi ya juu inatazamwa dhidi ya alama ya hedi. Zikilingana, na tenshena ikiwa bado na safari, cheni hiyo haina kesi. Alama ya juu ikiwa imebaki nyuma kidogo, chini ya jino moja, urefu umeongezeka na cheni ina hatia. Ikiwa imekosea kwa jino zima, ambalo kwenye sproketi ya meno 32 ni digrii 11.25 za kamshafti na 22.5 za krenki, sababu ni nyingine: cheni iliruka, au kuna aliyeifunga vibaya. Papo hapo jaribu kuinyanyua cheni kwa kidole katikati ya upinde wake juu ya sproketi. Nzima imelala kwenye meno. Iliyolika inanyanyuka na kuacha mwanga.

> Alama mbili zilizokaa sawa zina uzito kuliko maoni ya gereji nzima.

Hoja za wanaopinga

Mafundi wana hoja, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni muda: dereva anataka pikipiki leo, na foleni ya wateja ni ndefu. Lakini vipimo vyote vilivyotajwa havihitaji kushusha injini wala kutoa hedi, na fundi aliyezoea atavimaliza kabla mwenzake hajapata cheni ya saizi sahihi Kariakoo. Kinachopoteza muda ni kufungua injini, kukuta cheni iko sawa, na kubadilisha hata hivyo kwa sababu gasketi zimeshachanika.

Ya pili inasema cheni ibadilishwe tu kwa tahadhari, kwani ikikatika valvu zitagonga pistoni. Hofu hiyo ina msingi. Cheni inayokatika au kuruka meno mengi inaweza kupinda valvu, na ikijikunja kwenye sproketi ya chini inaweza kuikwamisha injini pikipiki ikiwa mwendoni, abiria akiwa nyuma. Ila cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyochongoka hulika haraka kuliko ile ya zamani, na cheni feki inaweza kuwa mbovu kuliko iliyotolewa. Kwenye injini nyingine sproketi ya chini imeshindiliwa kwenye krenki yenyewe, hivyo meno yake yakiharibika kazi inakuwa kubwa mno. Kubadilisha bila kukagua hakumpi mtu usalama anaodhani amenunua.

Ya tatu haisemwi kwa sauti, inatendwa. Wapo wanaoongeza washa nyuma ya springi ya tenshena, wanaovuta springi iwe ndefu, au wanaotoboa na kuweka bolti ya kukazia kwa mkono. Mlio unakoma palepale na mteja anaondoka ameridhika. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaondoa dalili na kuacha ugonjwa. Valvu zinaendelea kuchelewa, reli inasagwa, na siku mlio utakaporudi kutakuwa hakuna safari iliyobaki kwenye tenshena.

Nani alipe

Kuna sababu nyingine ya kudai kipimo, na inahusu haki. Katika mikataba mingi ya bodaboda, matengenezo madogo ni ya dereva, huku injini ikibaki jambo la kubishania. Tajiri atasema dereva hakubadilisha oili. Dereva atasema alikabidhiwa pikipiki chakavu. Bila ushahidi, anayeshinda ni mwenye kadi ya pikipiki, na dereva anabeba gharama kwa sababu tu hana pa kwenda. Picha ya simu inayoonyesha alama ya T na alama ya kamshafti siku ya kukabidhiana, pamoja na tarehe na tenshena ilikofika, inabadilisha mazungumzo hayo kabisa. Mnunuzi wa pikipiki ya mkononi anaihitaji vilevile, kwa kuwa mita huweza kufa au kurudishwa nyuma, lakini cheni hubeba kumbukumbu ya kilomita zake.

Ikithibitika kwamba cheni imekwisha, kazi ifanywe mara moja na yote: cheni, reli zote mbili, tenshena ikikaguliwa upya, meno ya sproketi yakitazamwa jino kwa jino. Magneti itolewe kwa pula yake. Nyundo hupasua sumaku na kuumiza ncha ya krenki. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili ya krenki, na alama zikaguliwe tena. Ikigoma popote, valvu imekutana na pistoni, na mkono umegundua kosa kabla mota ya kuwashia haijaligeuza kuwa hasara. Kisha cheni ya zamani ilazwe mezani kando ya mpya, mbele ya dereva na mwenye pikipiki, kabla malipo hayajafanywa.